Uzi, Dumu na Daftari

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani, kiranja anatangulia na kuanzisha wimbo, na nyuma yake msururu mzima unaitikia huku miguu ikigonga ardhi kwa pamoja. Hakuna aliyedai viatu vya kukimbilia. Hakuna aliyeuliza jimu iko wapi. Watoto walikimbia pekupeku, wakarudi wamelowa jasho, wakaingia darasani macho yamefunguka. Wimbo nao ulikuwa na kazi yake: anayeitikia huku anakimbia hawezi kuuacha mwendo uizidi pumzi yake.

Kisha mtihani wa darasa la saba ukafanyika, na kwa wengi wetu mchakamchaka ukaishia hapo. Hakuna daktari aliyesema mwili wa mtu mzima hauna tena haja ya kukimbia. Hakuna mzee aliyekataza. Tuliacha tu, tukaingia kwenye kutafuta riziki, na miaka ikapita. Leo mtu wa miaka 35 anapanda kichuguu kidogo akiwa ameshika kiuno, anahema, anasema uzee umeingia. Uzee haujaingia, ndugu yangu. Ni mwili uliosahauliwa, na mwili uliosahauliwa unaweza kuamshwa.

Nawafikiria watu wa Majimoto, kule Mpimbwe mkoani Katavi, katika bonde la Rukwa, ambako chemchemi inatoa maji ya moto ardhini na mpunga unajaza majaruba. Nawafikiria kwa sababu wana kitu ambacho wengi wanaohubiri mazoezi mijini hawana: wanajua kuhesabu. Mkulima wa mpunga atakuambia jaruba lipi lilitoa gunia ngapi msimu wa mwaka juzi, vibarua wa kupandikiza walikula shilingi ngapi, na mashine ya kukoboa ilimrudishia kilo ngapi za mchele. Yote anayo kichwani au kwenye kaunta buku. Sasa mwulize kiuno chake kimeongezeka kiasi gani tangu mwaka juzi. Mwulize moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika anapoamka. Atakutazama tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mali ipi inatangulia mwili huu unaoshika jembe, unaoendesha bodaboda, unaobeba mtoto? Afya inapotea hivyo hivyo, bila habari. Haitangazi kuondoka. Inapungua kidogo kidogo hadi siku ambayo zahanati inakuambia presha imepanda, na wewe unashangaa ilipanda lini. Ilikuwa inapanda siku zote. Hapakuwa na wa kuiandika.

Najua jibu litakalonirudia: sisi tunalima, mazoezi ya nini tena? Jibu hilo ni la kweli, tena ni la kweli kuliko wanavyodhani wenye jimu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kati kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na juu yake siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Na mwongozo huo hauhesabu mbio na mpira peke yake. Kulima kumo. Kutembea kwenda shambani kumo. Kutwanga, kuchota maji, kuendesha baiskeli, vyote vimo. Mama anayeinama kwenye jaruba tangu asubuhi hadi mchana amemaliza sehemu kubwa ya dakika zake kabla wiki haijafika katikati. Aandike kwa fahari.

Lakini tuambiane ukweli. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mpunga ukishavunwa, jembe linawekwa pembeni, na miezi mirefu ya kiangazi inaanza. Hapo ndipo miguu iliyotembea kila siku inapohamia kijiweni, na sahani ya wali inabaki na ukubwa ule ule wa siku za kupandikiza. Halafu kuna wale ambao hawana msimu kabisa: kijana wa bodaboda anayekaa kwenye tandiko tangu alfajiri hadi usiku, dada wa wakala wa fedha za simu, fundi cherehani, mwalimu anayesahihisha madaftari, mwenye duka la pembejeo. Hawa wanachoka kila siku, tena sana. Kuchoka kwa kukaa hakumpi mtu nguvu. Mapigo ya moyo hayakupanda, misuli haikuvutwa, jasho lililotoka lilitokana na jua tu.

Basi anza hapo nyumbani. Sisemi hivyo kwa sababu uwanja ni mbaya. Kama mna kikundi cha kukimbia, kimbieni. Lakini nyumbani hapahitaji nauli wala mavazi maalumu, hapana macho ya watu, na mama mwenye mtoto mchanga hahitaji kutafuta wa kumwachia. Tena kwenu Majimoto kuna sababu ambayo mtu wa Dar es Salaam haijui: ukanda huu unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na inayojulikana kwa wingi wa viboko. Kiboko hutoka majini giza linapoingia, akala majani usiku, akarudi mtoni kabla ya jua kuchomoza. Anayekimbia kando ya mto alfajiri au magharibi anakimbia katika saa za kiboko. Uani kwako hakuna hatari hiyo. Na joto la bonde mnalijua: saa 12 asubuhi mwili unakubali kazi ambayo saa 7 mchana utaikataa. Kunywa maji kabla na baada.

Sasa lengo. Mtu akisema "nataka kuwa fiti" hajasema kitu. Hana tarehe, hana namba, hajui akifika atajuaje. Mkulima hasemi nataka mpunga mwingi akaishia hapo. Anasema ekari ngapi, mbegu gani, apande lini. Useme hivyo hivyo juu ya mwili wako. Sema: ifikapo Nanenane niwe naruka kamba dakika 10 bila kusimama. Sema: kabla ya mvua za kwanza niwe napiga pushapu 20 sakafuni, na leo napiga 3. Sema: nitoke nyumbani hadi sokoni na kurudi kwa dakika 30, na leo natumia 40. Lengo la namna hiyo linakukamata shati. Likifika linajulikana, lisipofika linajulikana, na njia ya kulifikia unaweza kuigawa kwa wiki kama unavyogawa palizi. Chagua malengo mawili tu, au matatu. Anayeweka kumi anayaacha yote mwezi wa kwanza.

Kabla ya kuanza jua ulipo. Chukua uzi usiorefuka ukivutwa, wa kushonea magunia unafaa. Simama wima ukutani, peku, mtu akupime kwa uzi huo kutoka unyayo hadi utosini, aukate hapo. Ukunje katikati. Nusu hiyo uizungushe tumboni usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kama kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana na uzi ukabaki, uko salama zaidi. Zisipokutana, kazi ipo, maana wataalamu wa afya wanashauri kiuno kisifikie nusu ya urefu wa mtu. Mwenye urefu wa sentimita 160 abaki chini ya 80. Mafuta yanayorundikana tumboni, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yanayofungua mlango wa kisukari na presha kuliko yale ya mapajani. Sasa chukua uzi mwingine, uzungushe kiunoni, funga fundo pale ncha zinapokutana, uutundike msumarini. Mwisho wa kila mwezi pima tena na ufunge fundo jingine. Baada ya miezi michache mafundo yatakuwa yamehama, na hata asiyejua kusoma atayasoma.

Nauamini uzi kuliko mizani. Mizani si adui, na Majimoto haikosekani, hata kwenye mashine ya mchele ipo. Ila uzito wa mtu unapanda na kushuka kilo moja au mbili kati ya leo na kesho kwa sababu ya maji aliyokunywa, chumvi aliyokula na choo alichopata au kukosa. Anayejipima kila asubuhi anafurahi Jumatatu, analia Jumatano, anaacha Ijumaa. Na misuli ikiongezeka mafuta yakipungua, mizani inaweza kusimama palepale huku suruali imelegea. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile, kabla ya kula. Inatosha.

Kisha kiti. Kiweke kiegemee ukuta kisiteleze, kaa, kunja mikono kifuani, na simu ihesabu sekunde 30. Simama kabisa, kaa, simama, kaa, hadi muda uishe. Hesabu umesimama mara ngapi. Kipimo hiki kinatumiwa na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kwa wazee: mwanamume wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufikisha 14, au mwanamke wa umri huo akishindwa kufikisha 12, nguvu ya miguu yake iko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imeongezeka. Mpime baba, mpime mama, mpime bibi. Kama wewe una miaka 30 na unaishia 14, hiyo ni habari njema, kwa maana umeijua leo.

Na moyo. Asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kwa mtu mzima aliyetulia kawaida ni kati ya 60 na 100. Ukidumu na mazoezi miezi kadhaa, namba hii huelekea kushuka, na sababu yake inatia moyo hasa: moyo ulioimarika unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Umeupunguzia kazi mchana na usiku, hata ukiwa usingizini.

Vifaa unavyo. Kamba ya katani, benchi, ukuta, ngazi ya mlangoni, na zaidi ya vyote dumu. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu watu wanadharau dumu huku wakitamani vyuma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5 na uzito wa plastiki yenyewe, la lita 10 ni kilo 10, la lita 20 ni kilo 20. Chuma cha jimu kina uzito mmoja daima. Ukitaka kingine ununue. Dumu linakua na wewe. Wiki hii weka lita 6, wiki ijayo ongeza chupa moja ya nusu lita, wiki inayofuata nusu lita nyingine. Hakuna mwili unaokataa nyongeza ya nusu kilo, na hiyo ndiyo siri ya mazoezi ya nguvu: mzigo upande taratibu kiasi kwamba misuli isishtuke, lakini usikome kupanda. Ukilianza Juni na lita 6, kufikia mwisho wa Oktoba unaweza kuwa umezidi kilo 15, mgongo umenyooka, na gunia halikutishi.

Shika dumu kifuani kwa mikono miwili, chuchumaa kama unayekaa kwenye kigoda, inuka. Liweke chini kati ya miguu, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, linyanyue kwa nguvu ya mapaja. Shika dumu dogo kila mkono, zunguka nyumba. Pushapu anzia ukutani, zikishakuwa nyepesi hamia kwenye benchi, kisha sakafuni. Anayeanzia sakafuni na kushindwa huondoka na aibu. Anayeanzia ukutani huondoka na namba ya kuandika. Malizia na kamba au kutembea kwa kasi. Kipimo cha kasi unacho mdomoni: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiasi cha kati. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeingia kwenye nzito.

Siku za mwanzo misuli itauma, hasa siku ya pili. Hayo ni maumivu ya kawaida, hupungua ndani ya siku tatu hivi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi ghafla si ya kawaida: acha, nenda kituo cha afya. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, na mjamzito, aongee na mhudumu wa afya kwanza. Na jambo moja la kutia nguvu: katika wiki za mwanzo utaona namba zinapanda kabla mwili haujabadilika kwa macho. Si uongo wa daftari. Mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli uliyonayo tayari, misuli yenyewe hunenepa baadaye. Kwa hiyo usijitazame kwenye kioo wiki ya tatu ukakata tamaa. Tazama daftari.

Ndiyo, daftari. La kurasa 40 linatosha. Tarehe, ulichofanya, mara ngapi, lita ngapi, dakika ngapi, na neno moja la hali yako: nyepesi, nzito, usingizi mbaya. Pembeni, ile kalenda ya ukutani uliyopewa dukani mwisho wa mwaka. Kila siku uliyofanya ichore alama ya kalamu. Sheria moja tu: siku moja inaweza kupita bila alama, mbili mfululizo zisipite. Watoto wataona, watauliza, watahesabu pamoja nawe, na siku utakayotaka kulala watakuamsha.

Alphonce Simbu, askari wa JWTZ aliyezaliwa Singida, alimaliza wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 akatwaa shaba ya dunia London. Watu walidhani dhahabu ingefuata mara moja. Haikufuata. Olimpiki iliyofuata, mbio zilizokimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa saba. Paris 2024 akarudi bila medali. Miaka 8 ilipita kati ya shaba yake na siku ile ya Septemba 2025, Tokyo, alipomkamata Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha baada ya kilomita 42.195 kilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Jicho la mtu lisingetosha kuamua. Kipimo kiliamua. Na yule anayefanya mazoezi kila siku kwa miaka 8 anajua kwamba sehemu kubwa ya safari ni siku ambazo hakuna anayepiga makofi, siku ambazo kinachobadilika ni namba ndogo tu kwenye karatasi.

Wewe hukimbilii dhahabu. Unakimbilia kuwa na miaka 70 na bado uchuchumae shambani bila kushikwa mkono. Njia ni ile ile.

Vikwazo vitakuja, tuvitaje kabisa. Malaria itakulaza wiki. Ukipona rudi na nusu ya mzigo na uandike "nimerudi". Msiba utakuita Mpanda au Sumbawanga siku nne; kuchuchumaa na kuinuka hakuhitaji dumu, hata ugenini utapata dakika 5 kabla watu hawajaamka. Mvua zitaanza na shamba litakuita. Hapo usijilazimishe vyote, andika saa za jembe kama mazoezi, baki na kunyoosha mgongo na mapaja jioni, kwa sababu kuinama siku nzima kunakaza nyonga. Na jirani atacheka. Mwache acheke. Baada ya mafundo matatu atakuja kuuliza uzi unapimwaje.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Ilikuwa hatua njema, na pale inapotekelezwa watu wanafurahi pamoja. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi haijengi moyo. Asubuhi nyingine zote ni zako, na hakuna kiongozi atakayekuja kuzisimamia uani kwako.

Mama, usiseme haya ni ya vijana. Mzee, kiti kinakungoja. Kijana wa bodaboda, zima pikipiki dakika 20. Wewe mwenye duka, kamba ya katani iko kwenye rafu yako mwenyewe. Leo kabla hujalala kata uzi, ukunje, ujipime. Fungua daftari, andika tarehe na namba zako bila kuzipamba, chini yake andika lengo moja na siku ya kulifikia. Kesho saa 12 asubuhi jaza dumu lita unazoziweza, na uanze.